Mgeni kwenda vitani badala ya mwenyeji

Swali: Mzee, ni kweli katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani tajiri aliweza kumlipa mgeni akapigane badala yake?

Jibu: Kweli, mwanangu, na hadi leo inaniuma. Upande wa Kaskazini, sheria ya Machi 1863 ilimruhusu aliyeitwa jeshini kutoa dola 300 ili asiende, au kuleta mbadala, yaani mtu wa kwenda badala yake. Mhamiaji aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia aliitwa kama wenyeji. Ambaye hajatangaza hakuitwa, ndiyo maana mawakala wa kutafuta mbadala walimwinda. Grover Cleveland, aliyekuja kuwa rais, alimlipa mhamiaji kutoka Poland dola 150. Nusu tu ya zile 300, kwa shingo ya mtu! Julai 1864 njia ya dola 300 ilifungwa kwa karibu wote, na bei ya mbadala ikapanda.