Injini ndogo, matangi makubwa

Ndugu wa Katuba, meli ya anga uliyoichora ina tani 100 ikiwa bila mafuta, na nusu nzima ya mchoro umeifanya injini. Geuza. Angalia kamyo la sitene, lile la kubeba mafuta, linalotoka mpakani Kasumbalesa: motere iko mbele kidogo tu, kinachoonekana ni tangi.

Kujua mafuta ya kubeba, gawa kasi unayotaka kuongeza kwa kasi ya gesi inayotoka nyuma. Kilomita 9 kwa sekunde, gesi ya 4.5: unapata 2. Hiyo 2 yasema namba e ya hesabu (2.718) uizidishe kwa yenyewe: ni 7.4, yaani meli iliyojaa ni mara 7.4 ya ile tupu, tani 740. Toa zile 100, basi utabeba tani 640 za hidrojeni na oksijeni. Tangi la hidrojeni lichore karibu mara tatu ya lile la oksijeni, ingawa uzito wake ni sehemu ya sita tu. Ni nyepesi mno, hapo wachoraji wengi hukosea.

Injini sasa. Ukiwa tayari angani, tani 740 kuongeza mita 1 kwa sekunde kila sekunde zataka msukumo wa kilonyutoni 740. Injini moja ya F-1 ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, isiyofika mita 6, ilitoa karibu mara tisa ya hapo. Injini ya mita 3 yakutosha.

Ukipenda injini ya ioni, inayorusha chembe zenye chaji ya umeme, mafuta hupungua sana, ila msukumo ni dhaifu: chora paneli kubwa za jua, na usiirushe toka ardhini.