Muulize Mjomba: Kila siku bawa jipya, gari bado liko mkiani

Swali: Shikamoo Mjomba. Nacheza F1 Manager 2024, mchezo wa video wa kuongoza timu ya mbio za magari za Formula 1, na timu yangu ni Williams. Nikipata fedha tu nasanifu bawa la mbele jipya kwa sababu halichukui muda. Msimu umefika katikati na madereva wangu wanamaliza wa 14, wa 16, huko huko. Kwenye mbio za Monaco dereva mmoja kavunja bawa mazoezini, nikamfungia la zamani. Kaka yangu anasema niachane na msimu huu, nguvu zote nizipeleke kwenye gari la mwakani. Ni kweli au ananitania?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba, mpwa. Kaka yako hakutanii, ila ameruka hatua. Tuanze na hilo bawa.

Mchezo unakuruhusu kusanifu sehemu 6: chasi, bawa la mbele, bawa la nyuma, mbavu za gari, sakafu na saspensheni. Wewe umeng'ang'ania moja kwa sababu inaisha upesi! Nenda kwenye sakafu. Kwa kanuni za 2022 hadi 2025, magari ya Formula 1 yalishikwa barabarani zaidi na hewa inayopita kwa kasi chini ya tumbo lake, na waliotengeneza mchezo wameliheshimu hilo. Sakafu nzuri inakusaidia kwenye kona za taratibu na za kasi vilevile. Wape wahandisi wengi na usiwaharakishe, maana haraka inakula fedha.

Halafu fungua ukurasa wa handaki la upepo, yaani pale mfano wa gari unapopimwa kwa kupulizwa hewa. Naweka dau kuna saa zimelala humo. Saa za handaki na za kupima hewa kwa kompyuta hugawiwa kwa vipindi, na kipindi kikiisha zilizobaki zimekwenda, huwezi kuzihamishia mbele. Kanuni zinawapendelea wanyonge: bingwa hupata asilimia 70 ya kiwango cha msingi, na kila nafasi unayoshuka unaongezewa 5, hadi 115 kwa wa 10. Williams ilimaliza 2023 ikiwa ya 7, maana yake 100. Yaani Red Bull, bingwa wa 2023, inakuzidi kila kitu isipokuwa hizo saa, nawe unaziacha zioze. Hapo ndipo unaponiudhi.

Kuhusu Monaco: kuta ziko pale pale na bawa la mbele ndilo la kwanza kugusa. Kabla ya kusanifu toleo jingine, agiza spea ya hili ulilonalo. Kumpa dereva mmoja kitu kipya na mwenzake cha zamani si aibu. Kwenye mbio za Austria 2023 timu ya McLaren walikuwa na maboresho ya gari moja tu, wakampa dereva wao Norris. Mwenzake Piastri alisubiri hadi mbio za Silverstone, Uingereza, wiki iliyofuata. Norris aliyeanza mwaka kwa kumaliza wa 17 Bahrain alishika nafasi ya 2 hapo Silverstone. Na maboresho yenyewe? Sakafu na mbavu zilikuwemo.

Sasa kaka yako. Timu ya Honda walifanya hivyo hasa mwaka 2008: gari lao lilikuwa bovu, wakaliacha lilivyo na kuhamishia akili kwenye la 2009. Wakamaliza wa 9. Desemba Honda wenyewe wakajitoa, timu ikachukuliwa na Ross Brawn aliyekuwa akiiongoza, na dereva wake Jenson Button akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo na ubingwa juu yake. Kwenye mchezo njia hiyo ni kuchagua utafiti badala ya usanifu: hupati kifaa cha kufunga leo, bali ujuzi unaoingia kwenye gari la mwakani. Kwa hiyo maliza sakafu moja ya msimu huu, tengeneza za magari yote mawili na spea, kisha saa zote zinazobaki zipeleke kwenye utafiti, ukianza na sakafu tena.

Ila kwanza soma malengo uliyopewa na bodi. Kama wanataka nafasi ya 8 mwaka huu na wewe ni wa 10, utafukuzwa kazi na gari hilo zuri ataliendesha meneja mwingine.