Vijiti vimejaa, video imeganda

SUALI: Assalaam aleikum fundi. Ruta yetu iko ukumbini na simu inaonesha vijiti vyote vya Wi-Fi. Lakini usiku mwanangu akinipigia kwa video kutoka Muscat, sura yake inaganda. Nimelipia megabiti 10. Orofani ndiyo hata vijiti havifiki. Nifanye nini?
Mama wa Shangani

JAWABU: Waaleikum salaam, mama yangu. Wi-Fi siyo intaneti. Hili nalikuta nyumba baada ya nyumba. Wi-Fi ni mawimbi ya redio baina ya ruta na simu yako, basi. Chomoa ule waya unaoleta intaneti kwenye ruta: vijiti vitabaki vimejaa, na hutofungua hata ukurasa mmoja. Mfereji wa jikoni unaweza kuwa mzima na bomba la mtaani lisiwe na tone.

Kwa hivyo usiku huohuo wa tabu, kaa karibu na ruta, zima simu za watoto, kisha pima kasi. Ukipata megabiti 2, wapigie kampuni. Ukipata 9 au 10, tatizo limo ndani: pengine watoto watatu wanatazama katuni wakati wewe unazungumza na Muscat.

Hizo megabiti nazo zisikuchanganye. Kasi huhesabiwa kwa biti kila sekunde, faili na bando kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 50 kwa kasi yako litachukua sekunde 40 hivi. Hujaibiwa.

Sasa orofani. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli, na mawimbi yanachoka humo. Ruta nyingi zina masafa mawili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta huyashinda upesi, ya 2.4 hupenya zaidi. Chagua 2.4 ukiwa juu. Nyumba moja ya Malindi niliikuta ruta imefichwa kabatini nyuma ya televisheni. Tuliihamishia penye ngazi na chumba cha juu kikapata. Ikishindikana, vuta waya wa mtandao hadi juu ufunge kifaa cha pili huko. Usinunue kikuza mawimbi ukakiweka chumbani kusikofika kitu, kwani hakitakuwa na cha kukuza.

SUALI: Mei 2024 intaneti ilitupotea na minara tunaiona imesimama. Ilikuwaje?
Msomaji, Wete

JAWABU: Ndiyo yaleyale, ndugu yangu. Mnara huongea na simu yako tu. Kutoka hapo safari ya kwenda nje hupita kwenye nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei nyaya mbili zinazofika Dar es Salaam, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Wete hapakuwa na fundi wa kulitengeneza hilo. Ilibidi meli iende ikauvue waya baharini.