Mungu iko fasi yote, sasa juu ya nini tunamwambia "uje"?

Furaha mwanangu,

Odio yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho pamoja na mama yako akiwa anachambua sombe. Unasema yule mwenzako wa chumba huko Kampala amekuuliza, kama Mungu iko fasi yote basi iko na ndani ya jiwe, iko na ndani ya choo, na sasa juu ya nini kila Jumapili tunaimba Roho Mtakatifu uje, anakuja kutoka wapi wakati yuko tayari? Ukakosa jibu ukaleta kwangu. Umefanya vizuri. Swali hilo lilinikamata mimi pia miaka mingi, mpaka nilipofuata yale masomo ya jioni ya parwasi njo nilianza kupata njia.

Neno lenyewe kwanza. Kuwa fasi yote wanaita omniprezansi, ni la Kilatini, omni maana yake yote, prezansi ni kuwepo. Ndani ya Biblia neno halimo, ila maana iko wazi, Yeremia 23 Mungu mwenyewe anauliza kama yeye haijazi mbingu na nchi. Linatembea na wenzake wawili, omnisiyansi, kujua yote, na omnipotansi, kuweza yote, hilo ndilo tunaita Mwenyezi. Na nyuma yao kuna kutopimika, yaani hana mpaka, hana mita wala kilo.

Sasa jiwe. Kazi yangu unaijua, nimezeeka napasua mawe ya volkano. Ukilipasua lile jiwe jeusi ndani kuna matundu, mvua ikinyesha maji yanaingia, tundu kubwa linashika maji mengi, dogo linashika tone. Wengi wanafikiri Mungu yuko duniani namna hiyo. Mtakatifu Augustino, mwalimu wa kanisa la zamani, Mwafrika wa upande wa Algeria ya leo, kabla ya kubatizwa mwaka 387 alifikiri hivyo hivyo, aliiona dunia kama sponji ndani ya bahari isiyo na mwisho. Halafu akaona penye shida: ikiwa ni hivyo, mwili wa tembo unabeba Mungu mwingi kuliko mwili wa shomoro! Nilipofundishwa hiyo, kesho yake kazini nilishika jiwe mkononi nikaliangalia muda mrefu kabla ya kupiga nyundo. Mungu hana vipande mwanangu. Yuko mzima hapa Goma, mzima huko kwako, na hajagawanyika.

Wala yeye si jiwe. Kusema kila kitu ni Mungu, hiyo wanaita panteisimu na kanisa haliifuati. Angalia, mimi nikimaliza ukuta nachukua pesa yangu narudi nyumbani, ukuta unabaki umesimama bila mimi. Mungu si fundi wa hivyo. Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa kanisa aliyekufa 1274, anafananisha na mwanga wa jua hewani, jua likienda mwanga haubaki hata kidogo. Kila kilichopo kinashikwa sasa hivi, wakati huu unasoma. Choo pia, ndiyo, na jua linapiga matope kila siku na halichafuki. Na mtu mwenye bunduki pia, pumzi yake inatoka kwa Mungu, ubaya ni wake mwenyewe, na yule anayepigwa hayuko peke yake. Hili la mwisho nalisema polepole, kwa sababu tuko hapa na tumeona.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ulikuwa na miezi nane. Lava, ule moto wa volkano Nyiragongo, imeshuka mjini, tunakimbia Gisenyi upande wa Rwanda, wewe mgongoni kwa mama yako, nyumba yetu ikaungua na kanisa kuu la Saint-Joseph likaungua. Bibi yako alililia kanisa kuliko nyumba, anauliza Mungu atakaa wapi sasa. Usiku tuko kando ya barabara, mbingu nyekundu upande wetu, nikasikia anaanza Zaburi ya 139 kwa kichwa, kama ningepanda mbinguni wewe uko, ningefanya kuzimu kitanda changu wewe uko. Alijijibu mwenyewe. Solomoni alikwisha kusema siku ya kulifungua hekalu kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba, na Ezekieli utukufu wake aliuona mbali na Yerusalemu, uhamishoni, kwenye mto Kebari.

Basi "uje" ni ya nini? Unakumbuka mwaka ule tuligombana juu ya shule, mwezi mzima hatusemezani. Tulikuwa chini ya bati moja, mimi natoa pesa ya chakula, wewe unakula, kikohozi chako nakisikia ukutani usiku. Nilikuwepo, na wewe ulikuwepo. Halafu jioni moja ulikuja na kopo la maji ninawe mikono, ukasema "papa, karibu". Hakuna aliyetoka mbali siku hiyo, mlango tu ndio ulifunguka, na mimi nililia nikiwa nimegeukia ukuta. Toma anasema hivyo hivyo, kwamba Mungu yuko katika vitu vyote kwa kuvipa kuwepo, lakini kwa mtu anayemjua na kumpenda yuko kwa namna nyingine, kama anayependwa alivyo ndani ya anayempenda. Hiyo ya pili ndiyo tunaiomba.

Juu ya mkate wa altare, Luther na Zwingli, wale wakubwa wa Waprotestanti, waligombana Marburg, Ujerumani, mwaka 1529 kama mwili wa Kristo unaweza kuwa fasi nyingi pamoja, hiyo nitakuandikia siku ingine, ni ndefu.

Msomee mwenzako barua hii, na akiwa na swali ingine atume odio kwangu moja kwa moja, namba unayo. Mama yako anauliza kama vitenge vilifika.

Papa yako