Kiangazi kwenye shamba la ng'ombe na hei: kwa anayeanza kazi

Asubuhi ni ya ng'ombe, mchana ni wa nyasi zinazokaushwa kuwa hei, chakula cha akiba cha ng'ombe. Kuwahamisha, kuwanyunyizia dawa ya kupe, kuwavalisha hereni za utambulisho, yote yaishe kabla ya saa nne. Ng'ombe anayehema mdomo wazi huku udenda ukimtoka amezidiwa na joto: mpeleke kivulini polepole, mpe maji, na usimkimbize tena siku hiyo.

Ng'ombe mkubwa hunywa lita 50 hadi 80 siku ya joto, na anayekamuliwa hupita 100. Kukagua birika si kuchungulia tu kama lina maji. Bonyeza boya uone yanaingia kwa kasi gani, maana kundi huja lote kwa pamoja; wakubwa wakilimaliza, ndama hukuta tope. Ukipita kwenye uzio wa umeme, fyeka nyasi zinazogusa waya, kwani hupeleka umeme ardhini na uzio hubaki pambo.

Sasa nyasi. Zikate zinapoanza kutoa masuke. Ukingoja mbegu zikomae utavuna marobota (mafungu ya hei yaliyofungwa kwa kamba) mengi ya mashina, na ng'ombe watayachambua na kuyakanyaga. Bakiza sentimita 7 hadi 10 juu ya ardhi. Wenye tamaa hukata chini zaidi, wakazoa udongo na kuchelewesha machipukizi. Tena hayo mabua ndiyo yanayoinua nyasi zilizolala ili upepo upite chini yake. Geuza mara ya kwanza saa chache baada ya kukata, zingali laini. Kwa jamii ya mikunde uwe mwangalifu zaidi: jani hukauka kabla ya shina, na ukigeuza mchana mkavu unaacha chakula chini na kubeba vijiti. Kusanya nyasi ziwe matuta marefu asubuhi, umande ukiwa haujaisha kabisa.

Swali gumu ni lini ufunge nyasi kuwa marobota. Usiguse juu ya tuta, juu hudanganya. Ingiza mkono hadi chini, toa konzi moja, isokote kama unayekamua nguo. Mashina yakikatika, endelea na kipimo cha pili: kwangua kifundo cha shina kwa kucha. Ngozi ikichunika, bado. Ukiwa na shaka, katakata nyasi hizo, tia kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi, funika, tikisa dakika mbili. Chumvi ikinata kwenye kioo, ngoja. Marobota madogo yanataka unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Ukipita 20, kuvu huingia na hei huanza kujipika yenyewe ghalani.

Hilo la kujipika lisichukuliwe kama mzaha. Kwa wiki kadhaa baada ya kupanga, nusa ghala kila siku. Harufu tamu kama ya sukari iliyoungua, au mvuke juu ya rundo, ni dalili ya joto. Teremsha kipimajoto kwa kamba ndani ya bomba lililochomekwa katikati ya rundo. Kikisoma nyuzi 65, pima tena kila baada ya saa chache. Kikifika 80, waite zimamoto kabla ya kutoa robota hata moja, kwa sababu hewa inayoingia ndiyo inayowasha moto. Usipande juu ya rundo hilo: huenda ndani limeshaungua likabaki shimo.

Marobota ya chini yakae juu ya magogo au mbao, kamwe si kwenye sakafu tupu.

Mashine ya kufunga ikikwama, zima trekta, tia ufunguo mfukoni, kisha ungoje gurudumu zito la mashine hiyo lisimame. Huendelea kuzunguka hata injini ikiwa imezimika. Mkono usitangulie.

Na kamba za marobota zihesabu. Ng'ombe humeza kamba, na ikijisokota tumboni inaweza kuziba njia ya chakula. Robota lina kamba mbili. Ukilifungua, mbili ziingie mfukoni kabla hujatupa konzi ya kwanza horini.