Maswali Yenu: Mkopo wa Asilimia 10 na Mashine ya Kudarizi

SWALI: Tuko wanawake watano, mafundi cherehani, Morogoro. Tunaomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, tununue mashine ya kudarizi ya kompyuta. Andiko letu limerudishwa. Tuliandika "mashine moja, shilingi milioni 9". Kosa liko wapi?

JIBU: Idadi yenu inatosha. Tatizo ni kwamba mmeandika bei badala ya gharama. Rudini dukani mkaombe profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, yenye jina la kikundi, aina na modeli ya mashine, idadi ya sindano, kama bei ina VAT, muda wa waranti, na nani anagharamia usafiri, ufungaji na mafunzo. Ulizeni pia programu ya kuchora nembo, maana mara nyingi huuzwa peke yake. Bila hiyo mtakuwa mnamlipa mtu kila mteja anapoleta nembo mpya.

Halafu umeme. Mashine ya kichwa kimoja kwa kawaida hutumia umeme wa njia moja (single-phase), lakini thibitisheni kabla ya kulipa, kwa sababu kubwa zaidi huweza kudai njia tatu. Wekeni stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme. Umeme ukipanda na kushuka, kinachoungua ni bodi ya kielektroniki ya mashine, na bodi haipatikani kila duka. UPS, betri ya akiba, nayo inasaidia: umeme ukikatika katikati ya nembo, kitambaa kikisogea kidogo tu, kazi yote imeharibika. Ongezeni fremu za ziada za kushikilia kitambaa, sindano, bobini na nyuzi za kuanzia.

Tuseme vyote vimefika 10,800,000, mrejeshe kwa miezi 18. Mkopo huu hauna riba, kwa hiyo ni 600,000 kwa mwezi, au 25,000 kwa siku mkifanya kazi siku 24. Nembo moja ya sare ikiwaachia 3,000 baada ya uzi na umeme, mnahitaji nembo tisa kila siku, na hapo fundi hajalipwa. Januari, shule zinapofunguliwa, tisa ni kidogo. Aprili je? Andikeni wateja wa miezi hiyo: kwaya, kampuni za ulinzi, timu za mpira. Ukurasa huo ndio sisi tungeuangalia kwanza.

Na msigawane fedha. Vikundi vingi huanguka hapo: kila mmoja anachukua fungu lake, wawili wanashindwa kurejesha, watatu wanabeba deni la mashine isiyokuwepo. Mashine iandikwe mali ya kikundi, namba yake ya utambulisho (serial number) iingie kwenye muhtasari wa kikao.

SWALI: Mikopo hii ilisimamishwa. Sheria ilifutwa?

JIBU: Hapana. Aprili 2023 kilichosimama ni utoaji. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilibaki: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulirudi 2024 kwa kanuni mpya, halmashauri kumi zikijaribu kutoa mikopo hiyo kupitia benki.

SWALI: Nina stesheneri yangu mwenyewe, nataka printa kubwa. Kikundi sina. Nimesikia serikali hudhamini mikopo ya benki. Nikishindwa, italipa yenyewe?

JIBU: Kwenye asilimia 10, mtu mmoja anafikiriwa akiwa na ulemavu, wengine ni kikundi. Unachosikia ni mfuko wa dhamana kwa wajasiriamali wadogo na wa kati unaosimamiwa na Benki Kuu, na maombi hupitia benki yako. Dhamana hiyo hufidia hadi nusu ya mkopo, ila inamkinga mkopeshaji. Deni lako halifutwi. Benki itaendelea kukudai. Faida yako ni kwamba benki inaweza kukubali hata kama nyumba au kiwanja ulichonacho hakitoshi kuwa dhamana. Nenda na taarifa za akaunti, leseni ya biashara na profoma, kisha uliza wazi: "Mnatumia dhamana ya Benki Kuu?" Usipouliza, afisa mikopo anaweza kukupa fomu ya mkopo wa kawaida. Na kabla ya kusaini, piga hesabu ya wino kwa kila ukurasa. Printa ya bei nafuu huja kukumaliza kwenye katriji.