Ubaguzi wa rangi upo hapa kwetu? Dereva wa Mtwara nawajibu

Kuchele wakuu.

Mleta mada ameuliza: ubaguzi wa rangi si mambo ya Marekani na Ulaya, hapa Bongo ambako karibu wote ni weusi utatoka wapi? Wengi wamejibu kwamba haupo, na mmoja akasema anayelalamika ana "unyonge wa kichwani". Mimi nashika usukani Mtwara tangu 2009, nimebeba watu wa kila rangi. Upo. Ila ukimtafuta mtu anayetukana utazunguka mpaka uchoke. Nenda kakae getini.

Miaka ile ya gesi, 2012 na 2013, mji ulijaa wageni. Meli za uchimbaji zilikuwa baharini, bandari yetu ndiyo iliyokuwa ikizihudumia, na mtaa wa Shangani kila nyumba iliyopakwa rangi upya ilikuwa inamsubiri mzungu. Nilikuwa kwa mkandarasi mmoja, naendesha Land Cruiser nyeupe, napokea watu uwanja wa ndege na kuwafikisha walikopangiwa. Kuna hoteli moja ya ufukweni, mlinzi wake wa mchana tunatoka naye upande mmoja, huko Nanyamba. Mama zetu wanauza ming'oko gulio moja. Nikija na wazungu, geti linafunguliwa sijafika, na saluti juu. Nikija na Mtanzania au Mnaijeria, gari lile lile, dereva yule yule: "Kaka, zima gari kidogo." Daftari linatoka. Jina, namba ya simu, unamfuata nani, saa ya kuingia. Kile kioo cha fimbo kinapitishwa chini ya gari. Fungua buti.

Siku moja nilikuwa na mhandisi kutoka Ghana. Tumezimishwa gari, mhandisi anaandika jina lake, peni haitoi wino, mlinzi kaingia kibandani kutafuta nyingine. Nyuma yetu ikaja Hilux, wazungu wawili wamevaa bukta na kandambili, nywele bado zinachuruzika maji ya bahari. Mlinzi akatoka mbio, akanipungia nisogee pembeni, Hilux ikapita. Hawakuandika hata herufi. Mgeni wangu akawasindikiza kwa macho, kisha akaendelea kuipulizia pumzi ile peni, labda itaandika.

Jioni nilimrudia mlinzi. Sikwenda kwa shari, nilimpelekea chapati mbili na chai ya kwenye chupa. Nikamuuliza: ndugu yangu, yule mgeni wangu alikukosea nini?

Alichonijibu nataka yule wa "unyonge wa kichwani" akisome polepole. Alisema mwezi wake wa kwanza pale alimsimamisha mzungu, akampa daftari kama alivyofundishwa. Yule mzungu akaandika vizuri tu, wala hakununa, akamshukuru. Lakini meneja alikuwa anaona kutoka mapokezi. Kesho yake mlinzi akaitwa ofisini, akaambiwa wageni hawasumbuliwi, akirudia atafute kazi kwingine. Meneja mwenyewe mweusi kama mimi. "Sasa kaka," akasema, "watu weusi nimewaandikisha mwaka mzima. Wengine wakubwa, mmoja alikuwa hakimu. Wapo waliofoka hapa mpaka mate yakaruka. Sijaitwa ofisini hata siku moja."

Basi. Mlinzi hamchukii mweusi mwenzake na wala hamhusudu mzungu. Ana watoto watatu na mshahara usiofika tarehe ishirini. Anajua akimchelewesha nani kibarua kinaota nyasi, na akimchelewesha nani hakuna litakalompata. Hesabu hiyo ukimpigisha mtu kila siku, mwisho mkono unavuta komeo wenyewe. Halafu tunakuja humu tunasema mlinzi amejidharau. Waliomwekea hesabu hiyo mezani hawatajwi.

Ila msidhani nimekuja kumsema mlinzi nikajiacha mwenyewe.

Mhandisi huyo huyo, siku anafika Mtwara kwa mara ya kwanza, nilitumwa mimi kumpokea. Ofisini walinipa karatasi yenye jina lake: la kwanza la Kizungu, la ukoo la Kizungu. (Ghana, hasa pwani, wapo wengi wenye majina ya ukoo ya namna hiyo. Sikuwa najua.) Uwanja wetu ni mdogo, abiria unawaona tangu wanashuka ngazi za ndege. Siku hiyo alishuka mzungu mmoja tu, mzee mrefu mwenye kofia ya ukindu. Nikamfuata moja kwa moja, mkono kwenye begi lake, karibu bosi, karibu sana. Akasema si yeye. Nikabishana naye! Nikamwonyesha karatasi, nikamsomea jina lake kana kwamba kalisahau. Kumbe mtu wa misheni, anakwenda Ndanda, na gari lake linamsubiri nje.

Muda wote huo mhandisi kasimama hatua tatu kutoka nilipo, suti ya kijivu, anasoma jina lake mkononi mwangu. Akanigusa bega, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mtu ninayemtafuta ndiye yeye. Nikamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa na, Mungu anisamehe, nikamwomba kitambulisho.

Alikitoa. Hakusema neno. Mzungu wa watu hata pasi yake sikuiomba, nilikuwa nimeshambebea begi.

Garini nilishindwa pa kuanzia. Tumepita Ligula yote kimya. Alipoona nateseka akacheka mwenyewe, akaniambia hiyo ni mara ya tatu mwaka ule, na zote tatu ni Afrika. Ulaya alikosoma, alisema, hawakumkosea hata mara moja: akiingia dukani tu mlinzi anamtambua mlangoni, anamfuata nyuma mpaka rafu ya mwisho. "Kule wananiona mno," akasema, "huku hamnioni." Halafu akaniuliza samaki wazuri wanapatikana wapi, nikampeleka feri tukala changu wa kuchoma, na ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Habari ya nyumba naipitia haraka. Mwaka 2012 nilitaka kupanga nyumba ya vyumba vitatu, nina fedha za miezi sita taslimu. Mwenye nyumba, mama wa Kimakonde wa heshima zake, nilimwamkia shikamoo akanipokea vizuri, akanipa na maji ya kunywa. Akaniambia: mwanangu, nyumba ipo, ila nasubiri mzungu. Ilikaa tupu miezi minane. Simlaumu sana kwa sababu wazungu walikuwa wanalipa kwa dola, na tamaa ya dola mwaka ule ilitushika wote. Lakini jirani yake alikuwa na mpangaji Mkenya, mtu wa kampuni ile ile, naye analipa dola zile zile, na bado mama alikuwa akimsema kwamba "hata mzungu mwenyewe siye".

Sasa matusi. Ya waziwazi nimeyapata kwa mtu mmoja tu, msimamizi wa yadi, Kaburu. (Ndivyo tunavyowaita jamani, na nimefanya kazi na wazungu wa Afrika Kusini watu safi kabisa.) Huyu kila mwanamume mweusi kwake alikuwa "boi". Tulikuwa na fundi wa kuchomelea, mvi kichwa kizima, mtu mwenye wajukuu, sisi sote tunamwita Mzee na shikamoo juu. Kaburu anaita toka mwisho wa yadi: "Boi!" Na mzee anaweka chini kile kinyago cha kuzuia cheche, anapangusa mikono kwenye ovaroli, anakwenda. Kila mara alikuwa anapangusa mikono kwanza. Sijui kwa nini hilo ndilo linalonijia usiku kuliko neno lenyewe.

Neno si geni kwetu. Babu yangu alikuwa boi Nachingwea wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa baada ya miaka michache. Alifua na kupiga pasi. Bibi alikuwa akilitamka bila uchungu, "babu yako alikuwa boi wa mzungu", kama anayesema alikuwa karani au seremala. Lilikuwa jina la kazi. Fundi wetu kazi yake ilikuwa na jina jingine, na cheti anacho.

Nilimsimulia baba. Baba aliendesha lori miaka ya sabini mwanzoni, akipeleka magunia ya unga Nachingwea, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa na kambi yao pale Farm 17. Vijana mliozaliwa juzi mjue Kusini tulikuwa mstari wa mbele kwelikweli, Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu. Baba aliamini kwamba Msumbiji ikikombolewa, kisha Rhodesia, kisha Afrika Kusini, basi biashara ya kuitana boi imefungwa. Msumbiji ikapata uhuru 1975, Afrika Kusini ikapiga kura 1994, tukashangilia redioni. Nilipomaliza kusimulia alikaa kimya, akauliza: "Na huyo Kaburu amepanga wapi?" Nikasema Shangani. "Analipa dola?" Analipa. Akacheka peke yake, akaingia ndani kulala. Mpaka amefariki sikumuuliza alicheka nini.

Kuna jingine ambalo madereva wote mtalijua: kuongelewa ukiwa umo ndani ya gari. Niliwahi kuwapeleka Lindi wageni watatu. Tumepita njia panda ya Mnazi Mmoja, mmoja akaanza kuwasimulia wenzake habari za Tendaguru, kile kilima cha huko Lindi, jinsi Wajerumani walivyochimbua mifupa ya dinosaria wakaibeba mpaka pwani wakaisafirisha Berlin. Aliifahamu kweli, nisimpunje. Lakini hiyo "wakaibeba" ilinikera. Mama yangu ni mtu wa upande huo. Uchimbaji ule ulikwenda tangu 1909 mpaka 1913, mzigo uliotoka ulikuwa kama tani 250, na ulitembea kwenye vichwa na mabega ya wapagazi weusi mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Hakukuwa na reli, na ndorobo walikuwa wanaua wanyama wa mizigo. Msimamizi wa wachimbaji na mtayarishaji wa mifupa aliitwa Boheti bin Amrani. Leo mifupa imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, watoto wa Kijerumani wanaikodolea macho.

Nikasema kwa Kiingereza changu cha barabarani: waliobeba ni sisi. Kimya. Kisha yule msimulizi akawaambia wenzake, hakuniambia mimi, kwamba Kiingereza cha dereva ni kizuri sana. Nikaongeza redio.

Mchangiaji mmoja kauliza kama haya si madogo ukilinganisha na ya nje. Ni madogo, sikatai. Mtoto wa dada yangu alikuwa anasoma India Januari 2016, pale Bengaluru kundi la watu lilipomvamia binti wa Kitanzania, mwanafunzi, likampiga na kumchania nguo, kisa ajali iliyosababishwa na Msudani asiyemjua hata kwa sura. Kosa lake ni kufanana rangi. Mpwa wangu alikaa wiki nzima anatoka na kurudi kabla ya magharibi. Aprili 2020 Guangzhou, wakati wa korona, Waafrika walitolewa kwenye vyumba walivyolipia wakalala barabarani. Mbele ya hayo, daftari la getini ni kitu gani? Lakini mtu aliyeumwa na siafu humwambii anyamaze kwa kuwa jirani kaumwa na nyoka. Na siafu wetu wa getini tunawafuga wenyewe.

Mambo ya mkorogo nayaacha, yana uzi wake. Na habari ya sisi Wamakonde kuchekwa na Watanzania wenzetu kwa weusi wetu na chale za wazee wetu, hiyo nikiianza tutakesha.

Mhandisi wangu alimaliza mkataba 2015, mimi ndiye niliyemrudisha uwanjani. Mlinzi wa hoteli alishaacha kazi wakati huo, amerudi Nanyamba kwenye mikorosho yake, na msimu ukiwa mzuri ananipigia simu kunitambia. Mimi bado napokea wageni. Ndege ikitua nasimama pale kwenye nguzo, karatasi kifuani, macho kwenye sakafu. Simfuati mtu. Wanapita, wanasoma, mwenye jina lake anakuja.